Kata, Kataa: Diwani ya Kusomwa kwa Sauti

Kuna shairi mwanzoni mwa diwani mpya ya rafiki yangu ambalo ukilitazama haraka utadhani mpiga chapa alikosea. Liko hivi:

kata kata kata
kata kitenge kata
kata pindo kata
kata kata ka
kataa
kataa kataa
kata
ka

Ni cherehani hiyo. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, alikaa barazani kwao Tanga, na mtoto alikulia chini ya meza ile akisikiliza kanyagio likipanda na kushuka. Mstari wa kwanza ni mashine inaanza kukimbia. Wa pili na wa tatu, fundi yuko kazini, anakata nguo. Halafu inaingia irabu moja tu ya ziada, na mambo yote yanageuka. Mkazo uliokuwa kwenye silabi ya kwanza unahamia ya pili, na mashine iliyokuwa inatii inagoma. Au ni fundi anayegoma. Pengine mteja hajalipa, pengine mume amesema neno, hatuambiwi. Tunachosikia ni mtu anakataa kwa mlio uleule ambao amekuwa akifanya nao kazi maisha yake yote, kisha uzi unakatika.

Mara ya kwanza nililisoma kwa macho nikaona mchezo wa herufi, nikafunua ukurasa. Rafiki yangu alikuwa amekaa pembeni ananitazama. “Kaka,” akasema, “hicho hakisomwi kimya.” Nikarudi, nikalisoma kwa sauti, nikiongeza kasi kama cherehani inavyoongeza, na nilipofika kwenye *kataa* ulimi wangu ulikwama. Ulikuwa umeshazoea *kata*. Ilibidi niulazimishe kubadili njia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shairi lilikuwa limenifanya nikatae kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwamba kukataa ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kutii.

Nampigia debe, nalisema wazi. Tumejuana miaka mingi, amekula kwangu na mimi nimekula kwao, na ninataka watu wamsikie. Lakini nisingeandika makala nzima kwa ajili ya urafiki tu. Naandika kwa sababu naamini kitabu hiki kidogo kimegusa kitu ambacho ushairi wetu wa maandishi umekuwa ukikizunguka kwa miaka mingi bila kukishika.

Jina lake silitaji, wala la kitabu. Amechapa nakala chache kwa fedha zake, anaziuza mkono kwa mkono baada ya kusoma mbele ya watu: barazani, kwenye kumbi ndogo, siku moja hata kwa abiria waliokuwa wakisubiri kivuko Pangani. Anataka mtu akutane na sauti kabla hajakutana na jina, nami nimeahidi kuliheshimu ombi hilo. Kabla ya hapo alikuwa ameupeleka mswada kwa shirika moja la uchapishaji. Ulirudi na barua fupi iliyosema kwamba kazi haina dhamira. Neno hilo nitalirudia.

Lawama nilizozisikia mpaka sasa ni mbili. Ya kwanza ni kwamba haya si mashairi. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, tena na watu wenye kisomo: kwamba haya ni mambo ya Wazungu, dada huyu ameyaokota kwenye intaneti. Nianze na hii ya pili, kwa sababu ndani yake kuna kisa.

Ni kweli Ulaya wana historia ya ushairi wa sauti tupu. Februari 1916, Mjerumani Hugo Ball pamoja na Emmy Hennings walifungua ukumbi mdogo mjini Zurich, Uswisi, wakauita Cabaret Voltaire. Uswisi haikuwa vitani, lakini pande zake zote watu walikuwa wanakufa kwa malaki. Ball aliona kwamba lugha ya magazeti na ya wenye amri imeshachafuka, haifai tena kusemea jambo la kweli, akaamua kutunga mashairi yasiyo na maneno. Mwezi Juni mwaka huohuo ilibidi abebwe hadi jukwaani, kwani miguu yake ilikuwa imefungwa ndani ya bomba la karatasi ngumu linalong'aa na hakuweza kutembea. Kichwani alivaa kofia ndefu yenye mistari. Akaanza kusoma polepole, kwa uzito. Shairi lake linaloanza na *gadji beri bimba* halina maana kwa lugha yoyote ya wanadamu, ila linapofika katikati, masikio yetu sisi yanashtuka: *zimzim zanzibar zimzalla zam*.

Zanzibar. Jina la kwetu limesimama pale katikati ya milio, pamoja na tembo na kifaru ambao nao wamo wakiwa wamevunjwavunjwa. Kwa Ball nadhani lilikuwa ni mvumo mzuri wa mbali, wenye z mbili, basi. Simshutumu kwa hilo. Alikuwa kijana aliyeogopeshwa na vita, akitafuta pa kuweka sauti yake. Lakini vita ileile ilikuwa huku pia. Julai 1916 Waingereza waliiteka Tanga, Septemba wakaingia Dar es Salaam, na nyuma ya majeshi ya pande zote walitembea wapagazi, vichwani mizigo, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitia jina hilo kinywani, wakalitafuna, likatoka Kariakoo. Nairobi likatoka Kariokor. Katika vita ileile, basi, kule mtu alichukua jina la mahali akaligeuza mlio, na huku watu wakachukua mlio wa wakubwa wakaugeuza mahali. Leo mtu anashuka daladala Kariakoo kununua viatu, anakanyaga pale walipopiga kambi watu waliotembezwa mpaka wakafa, na kilichobaki cha kuwakumbuka ni namna ndimi za wenyeji zilivyolipinda neno la kigeni.

Rafiki yangu alilisoma shairi la Ball, na ndani ya kitabu chake kuna jibu. Nalinukuu lote kwa ruhusa yake:

zim
zimzim
zima
zima taa
zimwi
zimwi likujualo
zama
zamani
zam
zamu yangu

Ameanza na silabi za Ball zilezile, akazipitisha kwenye sikio la Kiswahili, na sikio likakataa kuziacha tupu. *Zim* ikawa zima, ikawa zimwi. Methali ameikata katikati, na hakuna Mswahili asiyeimalizia mwenyewe kichwani: halikuli likakwisha. Lakini zimwi hili linatujua? Linalolijua ni jina tu. Halafu jina linazama, linakwenda zamani, na mwisho kabisa msemaji anadai nafasi yake. Kila ninapolisoma, lile *zam* la mwisho, lililobaki bila irabu ya mwisho kama alivyoliacha Ball, linanifanya nishike pumzi nikingoja u.

Kuna jambo jingine Ball mwenyewe aliliandika kwenye shajara yake, ambalo wapenzi wake hulipita haraka. Anasema alipokuwa akiendelea kusoma, sauti yake ilishika yenyewe mahadhi ya kale ya maombolezo ya makasisi, yale yanayosikika kwenye misa za Kikatoliki. Hakupanga. Alikuwa amefukuza maneno yote, na mahali pa maneno yakaingia mahadhi aliyoyasikia utotoni. Kwa hiyo hata yule aliyetaka sauti isiyo na kwao alijikuta nyumbani.

Na kwetu ni wapi? Mtoto wa pwani aliingizwa kwenye hadithi kwa neno asilolijua maana. Paukwa! Pakawa! Kisha bibi akaendelea: *Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta, na vilango vya kupita.* Niliyakariri maneno haya kabla sijajua kusoma, na sikumbuki hata siku moja kumuuliza bibi chanjagaa ni nani, au kijino kinajengaje kikuta. Hakuna mtoto aliyeuliza. Tulijua kazi ya maneno yale: yalikuwa yanafungua mlango. *Ka-ka-ka, ki-chi-ki-chi*, na tayari mtu yuko upande wa pili.

Au mchukue mtoto anayecheza ukuti, wameshikana mikono wanazunguka. *Ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi. Ukipata upepo, watete, watete, watetemeka.* Hebu sikiliza kinachofanywa pale. Kitenzi ni kutetemeka, lakini kabla hakijatoka chote kinatikiswa mara mbili, watete, watete, sawasawa na ukuti wenyewe unavyopigwa na upepo. Neno linatetemeka kwanza, ndipo linasema kwamba linatetemeka. Ni ufundi uleule wa cherehani ya Tanga. Anayesema ufundi huu umetoka Zurich hajawahi kucheza uwanjani, au amecheza akasahau.

Tena tukiacha hata michezo ya watoto, sarufi yetu yenyewe hutunga. Sema *kile kitabu kikubwa kilichokuwa kikisomwa kimechakaa*: umeshagonga ki mara saba bila kukusudia. Lugha nyingine zinatafuta mwangwi huo kwa tochi. Sisi hatuwezi kuukwepa. Rafiki yangu ameutumia mara moja tu, katika shairi la mistari miwili linaloitwa “Bagamoyo”:

Watu wawili warefu walishushwa.
Vitu viwili virefu vilishushwa.

Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopunguzwa. Ngeli imebadilika, na binadamu wamekuwa mizigo. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu biashara ya utumwa, nyingine zikiwa na takwimu na picha. Sijui ukurasa ulionionyesha wepesi wa tendo lile kama mistari hii miwili, ambamo mtu anaporwa utu wake kwa kubadilishiwa silabi.

Nirudi kwenye lawama ya kwanza, kwamba haya si mashairi. Ugomvi huu ni mzee. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kanuni za kutunga, vina na mizani zikiwa nguzo. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na moto ukawaka kati ya wanamapokeo na wanausasa ambao makaa yake bado ni ya moto. Nimefuatilia hoja za pande zote kwa muda mrefu. Wanamapokeo walikuwa na hoja moja nzito, ambayo kwa maoni yangu haijajibiwa ipasavyo mpaka leo: kwamba shairi la Kiswahili ni la kuimbwa, na lisiloimbika si shairi. Bahati mbaya katika kuitetea hoja hiyo wengi wao walikimbilia kuhesabu. Mizani kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho, na shairi linalopungukiwa likaitwa guni. Mizani unaweza kuihesabu kwa vidole bila kufungua kinywa.

Kuna siri ya vina ambayo mtu huigundua anapoghani tu. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kina kinakaa silabi ya mwisho kabisa, yaani ile dhaifu. Soma ubeti wa tarbia, ule wa mistari minne, kama unavyosoma taarifa ya habari, uone vina vinavyodidimia. Vinabaki alama kwenye karatasi. Sasa ghani ubeti huohuo. Mahadhi yanaishika silabi ile dhaifu yanaivuta, inanyooka, inapanda, wasikilizaji wanaingoja. Vina havikuwekwa pale kwa ajili ya jicho. Viliwekwa kwa ajili ya koo. Magazeti, kuanzia *Mambo Leo* mwaka 1923, yaliyafikisha mashairi kwa watu ambao malenga asingeweza kuwafikia kwa miguu, na hilo ni la kushukuru. Lakini pia yalituzoesha kulitambua shairi kwa sura yake ukurasani, kama mtu anavyoitambua nyumba kwa paa. Na wanausasa, waliokuwa na haki ya kuchoka na hesabu, mara nyingi walikata mistari yao kwa jicho vilevile. Mashairi huru mengi niliyoyasoma ukiyasoma kwa sauti yanageuka insha.

Rafiki yangu hajasimama upande wowote kati ya hizo mbili. Kila shairi lake lina mizani yake, imetolewa kwenye kitu fulani: kanyagio, kasia, mchi, hatua za mtu mwenye mguu mbovu. Bomba la maji la mtaani, kwa mfano:

to
to
toa
toa ndoo
mtoto toa ndoo
to
t

Baada ya hapo ni nusu ukurasa mtupu. Anapolisoma mbele za watu, nusu ukurasa ule anaunyamazia wote, hatikisiki. Siku niliyohudhuria ilikuwa jioni, barazani, watu kama ishirini. Tulikaa kimya tukingoja. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, kanga begani, akasema polepole, kama anayejisemea: “Yamekatika hayo.” Hakuwa amefundishwa ushairi wa majaribio na mtu yeyote. Alikuwa na ndoo nyumbani.

Shairi kubwa la kitabu, na lililonifanya niamue kuandika, ni la bibi yake.

Walimu wetu huziita tanakali za sauti. Ni yale maneno yanayotufanya tuone na tusikie kwa wakati mmoja: kuanguka pu, kutumbukia chubwi, kufunga ndi, giza totoro, nyeupe pepepe. Ajabu yake ni kwamba kila moja ina mwenzake, na haziazimani. Giza halijawahi kuwa pepepe. Huwezi kuzifafanua kwa mtu asiyejua lugha; unaweza kumpeleka tu mahali penye giza ukamwambia, hili. Lakini *fofofo* ina wenzake wawili. Mtu hulala fofofo, na mtu hufa fofofo. Ndani ya tundu hilo dogo rafiki yangu amepitisha kurasa nne. Nachukua sehemu ya mwisho:

bibi kalala
fofofo
msimwamshe
fofofo
chai imepoa
fofofo
jua limepanda
fofofo
mwamsheni
fofo
bibi
fo

Neno la msiba halimo. Hakuna kilio, hakuna sanda, hakuna anayesema bibi hayupo. Silabi ile ile iliyokuwa ya usingizi mtamu inabadilika maana bila kubadilika, na huwezi kuonyesha kwa kidole ni kwenye mstari gani. Ndivyo ilivyo kwenye nyumba zetu. Watu huanza kwa kunyamaza wasimsumbue mzee, na kati ya chai na jua kupanda kunatokea saa ambayo hakuna aliyeiona.

Kisha zingatia sauti yenyewe. F haina mghuno. Koo halitikisiki; ni pumzi tupu inayopita kati ya meno ya juu na mdomo wa chini. Ukilisoma shairi hili kwa sauti, kila mstari wa pili unatoa pumzi, na kadiri silabi zinavyopungua ndivyo pumzi zinavyopungua, tatu, mbili, moja. Kwa dakika chache mapafu yako ndiyo mapafu ya bibi. Nami nilikuwa nimelisoma mara tano au sita nilipoona kile ambacho yeye, mwanamke huyu mwenye subira, hakunionyesha: kwamba neno ambalo shairi limelikwepa kurasa nne nzima, kifo, lilikuwa likisemwa nusu yake muda wote.

Sasa ile barua. Haina dhamira. Aliyeiandika simwonei chuki, kwa maana najua alikojifunzia, ndiko nilikojifunzia mimi. Tumefundishwa kuhakiki kwa mgawanyo: fani huku, maudhui kule. Mwanafunzi anaulizwa ajadili mbinu, anaandika, “Mwandishi ametumia takriri, mfano fofofo.” Anapewa alama yake, anahamia kwenye maudhui, anatafuta rushwa, ukombozi, nafasi ya mwanamke. Kwa utaratibu huu sauti inakuwa kama maua ya plastiki mezani: yapo, yamehesabiwa, chakula kiko kwenye sahani nyingine. Kitabu cha rafiki yangu kinauvunja mgawanyo huo kwa sababu ukitoa sauti hakibaki kitu cha kukihakiki. Toa *fo*, bibi hajafa. Toa irabu ile moja, fundi hajakataa. Na kwa kuwa wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, kitabu kisichojibika kwa swali la mtihani hakina mlango wa kuingilia. Hili linanisikitisha kuliko ninavyoweza kusema hapa. Tunawafundisha vijana wenye lugha tajiri wa milio kiasi hiki kwamba mlio ni pambo.

Si kila ukurasa ulioniridhisha, na mwenyewe nimemwambia. Sehemu ya tatu amepanga herufi zikafanya umbo la mashua, la mnazi, la ngalawa imepinduka. Zinapendeza kutazama. Lakini shairi lenye umbo la mashua huwezi kulighani, na kitabu kilichonifundisha kufungua kinywa hapa kinaniambia nikifunge tena. Kuna pia shairi refu la pikipiki ambalo mlio unafuata mlio, kurasa mbili, bila kuhamia kuwa kitu kingine. Cherehani ilihama, bomba lilihama, pikipiki imebaki pikipiki. Alinisikiliza, akasema shairi la pikipiki atalitazama upya, la mashua hataligusa. Ni kitabu chake.

Nilimuuliza kwa nini hakurekodi, siku hizi ambapo kila mtu ana studio kwenye simu. Akasema akirekodi, watu watasikia Tanga tu. Jibu hilo nimekuwa nikilitafakari. Maandishi yetu sanifu, yaliyojengwa juu ya Kiunguja, yameacha sauti nyingi nje. Paa mnyama na paa la nyumba tunayaandika sawa, ingawa mzee wa Mombasa humtamka yule mnyama kwa pumzi, na akikusikia umekosea atakurekebisha. Kwingine bara r na l hubadilishana viti, na wachekeshaji wetu wamevuna sana hapo, wakiwacheka watu kwa ndimi walizozaliwa nazo. Rafiki yangu amepaingia mahali hapohapo bila kumcheka mtu:

mahali pangu wapi
mahari yangu wapi
mahali pa mahari
mahari bila mahali

Kwa mtu anayetofautisha r na l, ni shairi la msichana aliyeolewa akajikuta ametolewa mali na hana pa kukaa. Kwa mtu asiyetofautisha, mistari inayeyuka kuwa swali moja linalorudiwa mara nne, na swali hilo ni zito zaidi. Lafudhi ambayo mahali pengine ni ya kuchekwa, hapa imeleta maana ambayo mtu wa pwani hawezi kuifikia peke yake. Sijawahi kuona shairi la Kiswahili likimheshimu msomaji wa mbali namna hii. Ningependa kumsikia mtu wa Lubumbashi akilisoma, na mtu wa Bukoba, na mzee wa Lamu, kisha turudie tena.

Ukibahatika kukipata, usianze mwanzo. Anza na bomba, usiku, redio ikiwa imezimwa. Lile la cherehani lisome ukiwa umesimama. La bibi lisome wakati kuna mtu mwingine ndani ya nyumba.

Ukurasa wa mwisho una neno moja tu, katikati: *Paukwa*. Hakuna nukta, hakuna kingine chini yake. Nilifika pale usiku wa kwanza nikiwa peke yangu sebuleni, nikisoma kwa sauti kama nilivyoagizwa. Mke wangu alikuwa chumba cha pili anakunja nguo, na kwa saa nzima hakuwa amesema neno. Nikalitamka. Akaitikia.